Upepo wa Kununua

Kila ifikapo Februari na Machi, kaskazi inapolegea na kusi haijaingia, sisi watu wa Mikindani huwa hatuna la kuzungumza barazani isipokuwa joto. Na siku hizi katika mazungumzo hayo haliachi kutajwa neno kiyoyozi.

Wazee wetu hawakuwa nacho, wala nyumba zao hazikukihitaji. Nenda Mji wa Kale ukajionee: kuta za mawe ya matumbawe zenye unene wa dhiraa nzima, dari za boriti zilizo juu, na vichochoro vyembamba ambamo jua halifiki chini. Hata huku kwetu, nyumba za udongo na makuti zilikuwa na ukumbi uliopitisha upepo tangu mlango wa mbele hadi uani. Kisha tukaezua makuti tukaweka mabati. Kisha yakaja maghorofa, yamebanana hata dirisha la huyu latazama ukuta wa yule. Upepo wa bahari ungalipo, ila tumeuzibia njia, na sasa twaununua kwa tokeni.

Chombo chenyewe alikibuni Mmarekani Willis Carrier mwaka 1902, tena si kwa ajili ya watu: kilikuwa cha mtambo wa kupiga chapa huko Brooklyn, ambako unyevu ulikuwa ukiharibu karatasi!

Feni ya darini hula wati 60 au 70 hivi. Kiyoyozi kidogo cha chumba kimoja, kikiwa kazini, hula kama 1,000. Hizo ni feni kumi na tano. Pale Kipevu, si mbali nasi, mtambo wa umeme ulioanza kazi mwaka 2011, wenye uwezo wa megawati 120, huchoma mafuta mazito, na moshi wake huzidisha joto lilelile tunalolikimbia. Gesi iliyomo ndani ya viyoyozi vingi nayo ikivuja, kwa uzani uleule hupasha joto dunia mara nyingi kuliko moshi huo. Ndiyo sababu mataifa yalikutana Kigali Oktoba 2016 yakapatana kuipunguza.

Lakini linaloniuma mimi ni ujirani. Kiyoyozi hakiui joto. Hulitoa chumbani mwako kikalitupa nje. Mtaani kwetu, kisanduku cha ghorofa moja kilikuwa kikipuliza dirishani kwa bibi kizee mmoja. Ramadhani ya mwaka 2025, iliyoangukia Machi, alifunga dirisha akatandika mkeka uani, akawa analala huko mpaka daku.

Mwenye kiyoyozi si mtu mbaya. Ana mtoto mchanga aliyejaa harara mwili mzima. Nilipokwenda kumsemesha alinijibu, "Mzee wangu, nami nifanyeje?"

Baada ya Idi wapangaji walichangishana, fundi akakipandisha kisanduku juu ya paa, na bibi amefungua dirisha lake. Mwenye jumba, aliyejenga pasi na kuacha hata dhiraa mbili za uchochoro, hakutoa senti.