Mwezi, Mwalo na Sufuria: Sayansi ya Kutafuta Mlo Mzuri Mkoani Mara

Basi litokalo Mwanza kwenda Sirari likisimama Bunda mchana, abiria hushuka pamoja na kuingia mgahawani pamoja. Ukumbi uliokuwa mtupu hujaa mara moja: huyu anaomba wali nyama, yule ugali samaki, mwingine chipsi za kufungiwa. Mwenye gari dogo anayepita barabarani akiuona umati ule hujisemea kwamba hapo ndipo penye chakula, naye huegesha. Hesabu yake ina kasoro. Ameona watu hamsini, lakini uamuzi aliouona ni wa mtu mmoja tu, dereva wa basi, ambaye ana sababu zake za kusimama pale: nafasi ya kugeuzia gari, choo, mazoea, na pengine sahani asiyoilipia.

Kasoro hiyo ina historia yake katika sayansi. Mwaka 1992 mchumi Abhijit Banerjee, mzaliwa wa India ambaye mwaka 2019 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Esther Duflo na Michael Kremer, alichapisha makala kuhusu tabia ya watu kufuatana. Mfano wake ulikuwa migahawa miwili iliyo jirani, A na B, na watu 100 wanaochagua mmoja baada ya mwingine. Watu 99 wana fununu kwamba B ni bora, mmoja tu ana fununu ya A. Lakini kwa sifa za jumla, kabla ya fununu hizo, A inaizidi B kidogo. Sasa yule mmoja akitangulia kuchagua, ataingia A. Wa pili ana fununu ya B, ila anamwona mtu tayari ameketi A. Fununu mbili zinafutana, anabaki na sifa za jumla, anaingia A naye. Wa tatu anaona wawili. Kuanzia hapo hakuna anayetumia tena habari aliyokuwa nayo mwenyewe. A inafurika, B inabaki na viti vitupu, ilhali watu 99 kati ya 100 walisikia mazuri yake.

Nyota zinazotolewa kwenye simu haziponyi ugonjwa huu. Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor walichapisha mwaka 2013, katika jarida la Science, jaribio walilolifanya kwenye tovuti ya kujadili habari. Maoni yaliyochaguliwa bila mpangilio walianza kuyapa kura moja ya bandia ya kuyasifu. Kura hiyo moja ilitosha kupandisha alama ya mwisho kwa wastani wa asilimia 25.

Kwa hiyo anayetafuta chakula Bunda asihesabu vichwa. Ahesabu njia walizojia. Dereva wa bodaboda aliyeegesha nje, fundi gereji mwenye mikono ya grisi, mwalimu, karani wa halmashauri, muuza nguo wa sokoni: hawa wamefika kila mmoja kwa miguu yake na kwa sababu yake, na kesho wanaweza kwenda kwingine. Watu saba wa namna hiyo kwenye benchi la mama lishe ni ushahidi mzito kuliko basi zima. Tena mama lishe anawajua. Akiwapikia vibaya leo, kesho hawarudi. Abiria wa basi hata akichukizwa, jioni yuko Sirari.

Benchi lenye wateja wa kila siku lina faida nyingine, nayo ni ya kibiolojia. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kikae juu ya nyuzi joto 60 au chini ya nyuzi 5, kwa kuwa katikati ya hapo bakteria huzaliana kwa kasi. Baadhi yao, mazingira yakiwafaa, hujigawa mara mbili kila dakika 20. Bakteria mmoja aliyeachwa kwenye nyama ya saa tano asubuhi anaweza kufika zaidi ya 2,000,000 saa kumi na mbili jioni. Sufuria ndogo inayokwisha saa nane na kuinjikwa nyingine ni salama kuliko sahani ishirini za wali zilizopangwa kwenye kabati la kioo. Mgeni akiambiwa "maharage yameisha, subiri yanaiva," asinune. Hiyo ni habari njema.

Musoma mambo ni tofauti kidogo, maana huko mpishi si wa kwanza katika kuamua utamu wa chakula. Mvuvi anamtangulia, na mvuvi mwenyewe ametanguliwa na mwezi.

Mji umekaa kwenye rasi iliyoingia Ziwa Viktoria, na samaki wake hushushwa kwenye mialo kama Mwigobero na Makoko. Nyavu za sato na sangara hutegwa jioni na kuvuliwa alfajiri. Asubuhi ndiyo saa ya biashara. Anayekula sato mchana anakula samaki wa saa chache. Anayeagiza sato yuleyule saa tatu usiku, mahali pasipo na barafu, anakula samaki aliyekaa joto la mchana kutwa. Katika joto la nchi zetu samaki bila barafu huharibika ndani ya nusu siku hadi siku moja, ilhali kwenye barafu nyingi anaweza kudumu wiki kadhaa. Wageni wengi hufanya kinyume: mchana hula chipsi, samaki humweka kwa chakula cha jioni.

Kinachopotea ni zaidi ya usalama. Samaki anapokufa, kemikali ya nguvu iliyo katika misuli yake, ATP, huvunjika hatua kwa hatua. Hatua mojawapo huacha inosineti, kiini cha ule utamu mzito wa supu unaomfanya mtu alambe kijiko. Mjapani Shintaro Kodama aliitambua mwaka 1913 katika samaki mkavu aitwaye katsuobushi. Lakini inosineti haidumu. Kadiri saa zinavyokwenda nayo huvunjika, na miongoni mwa vinavyobaki ni haipozanthini, ambayo ni chungu. Ndiyo maana samaki aliyelala anaweza asinuke bado, asimdhuru mlaji, na mchuzi wake ukawa umekufa. Wanawake wa mwaloni hawahitaji maabara kulijua hilo. Hutazama jicho kama limejaa na kung'aa, hufunua shavu waone wekundu, hubonyeza nyama waone kama inarudi. Migahawa mingi humwonyesha mteja samaki kabla ya kumpika. Na aombe kuonyeshwa, na akikuta sangara mchanga, mfupi kuliko sentimita 50, amkatae. Huyo sheria ya uvuvi inamlinda.

Dagaa ana kalenda yake. Huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi hata taa za umeme wa jua, kwa sababu hufuata mwanga. Mbalamwezi ikijaa anga, taa ya mvuvi haimvutii tena, na mitumbwi mingi hupumzika siku kadhaa mpaka giza lirudi. Msafiri anayetamani dagaa wabichi wa kukaanga, wale wanaoliwa na kichwa na mifupa, atazame mwezi kabla ya kukata tiketi. Akifika mwezi mpevu atakula dagaa wakavu, na hapo aangalie walikoanikiwa: waliokaushwa juu ya vichanja huwa safi, waliomwagwa mchangani humkumbusha mlaji mchanga huo kila atafunapo. Mlo huu wa bei ya chini una kalisi, chuma na zinki nyingi kuliko minofu ya samaki mkubwa, kwa kuwa dagaa huliwa mzima.

Wapo wanaolalamika kwamba samaki wa ziwa ananuka tope. Kisababishi ni jiosmini, kemikali inayotengenezwa na baadhi ya bakteria wa udongo na wale wa kijani wanaoelea majini, ambayo huingia katika mafuta ya samaki. Pua ya binadamu huinasa hata ikiwa nanogramu chache tu katika lita ya maji. Kambare na kamongo, wakazi wa matope, huibeba zaidi. Jiosmini huvunjika penye asidi, kwa hiyo limao au ndimu inayopakwa kwenye samaki dakika kadhaa kabla ya kukaangwa ina kazi kubwa kuliko pambo. Mpishi anayeleta kipande cha limao pembeni ya sahani, baada ya moto, ameleta ladha; anayelipaka kabla ameondoa tope.

Hapa inafaa kusema jambo ambalo wageni wanaotafuta "chakula cha asili" hawalitegemei. Sato anayesifiwa Musoma hakuwamo ziwani miaka 80 iliyopita. Yeye na sangara waliletwa katika miaka ya 1950, enzi ya ukoloni. Samaki wa wazee alikuwa ngege. Mtafiti Mwingereza Michael Graham, aliyelizunguka ziwa mwaka 1927 na 1928, alikwishaona ngege wakipungua kwa sababu ya nyavu mpya za makila zilizoingia mwanzoni mwa karne. Sangara alipofumuka upande wa Tanzania katika miaka ya 1980, alikuta furu, samaki wadogo waliokadiriwa kuwa na spishi zipatazo 500, na sehemu kubwa ya spishi hizo zikatoweka au kubaki chache mno. Sangara ameleta viwanda vya minofu, ajira na fedha za kigeni. Pia amewaachia wenyeji mapanki, vichwa na mifupa inayobaki baada ya minofu kusafirishwa, ambayo hukaangwa na kuuzwa kwa bei nafuu. Msafiri anayekula sangara Musoma anakula historia ya miaka ipatayo 70, na ni haki aijue. Ngege halisi hajatoweka kabisa. Amesalia zaidi katika maziwa madogo yanayolizunguka ziwa kuu.

Muhogo nao ulitoka Amerika ya Kusini, lakini kando ya ziwa umekuwa mwenyeji kuliko wenyeji. Ugali wake, mara nyingi ukichanganywa na mtama, ndio mwenzi wa samaki, na ndio unaotofautisha mgahawa wa watu wa Mara na ule unaopika sembe kwa ajili ya wapitanjia. Ubora wake huanza siku nyingi kabla ya sufuria. Muhogo mchungu una linamarini, ambayo ikivunjika hutoa sianidi. Ukimenywa na kurundikwa ukiwa umefunikwa, ukungu huota na kulainisha nyama yake; kimeng'enya cha muhogo wenyewe hukutana na linamarini, na sianidi huruka kama gesi wakati wa kuanika. Huo ndio udaga. Kuruka hatua hizo kuna gharama kubwa. Mwaka 1985, katika ukame, watu wilayani Tarime walipooza miguu ghafla baada ya kula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha. Mlipuko huo wa ugonjwa uitwao konzo ulielezwa na daktari William Howlett na wenzake mwaka 1990. Ugali mzuri wa muhogo hunukia uchachu kidogo. Ukiwa mchungu ulimini, mlaji auache, bila kuona haya.

Uchungu wa aina nyingine, ule wa kutafutwa, uko kwenye kichuri, mlo wa nyama na utumbo unaohusishwa hasa na Wakurya, ambao mchuzi wake hutiwa nyongo na maji yaliyokamuliwa kutoka tumboni mwa ng'ombe au mbuzi. Ulimi huukataa mara ya kwanza, maana uchungu kwa asili ni onyo la sumu. Kinachoubadilisha ni kurudia bila madhara. Sharti ni uchemke sawasawa mbele ya macho.

Butiama, ng'ambo ya njia panda ya Makutano, hakuna mwalo wala stendi kubwa. Watu hufika kumzuru Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa hapo mwaka 1922 na kuzikwa hapo mwaka 1999, na kuona makumbusho yake. Anayeharakisha kurudi Musoma kutafuta mlo anaikosa nafaka ambayo ni mwenyeji halisi. Ulezi ulianza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki maelfu ya miaka kabla ya mahindi kuvuka bahari. Punje yake ni ndogo na ngumu kiasi kwamba wadudu wa ghalani huishindwa, na ghala la ulezi huweza kukaa miaka. Gramu 100 zina kalisi zaidi ya miligramu 300, kiasi ambacho mahindi hayakaribii. Mtama mwekundu nao una tanini, zenye ukakasi unaowafanya ndege, adui mkubwa wa mkulima wa nafaka, wauepuke kuliko mtama mweupe.

Kwa vyakula vyote hivi, mgeni aanze na kipi? Mwanafizikia Richard Feynman aliwahi kupiga hesabu ya swali la namna hiyo: lini ajaribu sahani mpya, lini arudie ile anayoijua. Jibu linategemea idadi ya milo iliyobaki. Mwenye siku nyingi ajaribu mwanzoni, maana akigundua kizuri atakuwa na muda wa kukirudia. Mwenye mlo mmoja ashike anachokijua. Kwa mzunguko wa Bunda, Musoma na Butiama maana yake ni kwamba kichuri, kamongo na mapanki ni vya siku ya kwanza, na sato ni wa siku ya kuondoka.

Ulezi wa Butiama, hata hivyo, una shida moja: ni nadra kuukuta umepikwa tayari, kwa kuwa wapishi hudhani mgeni anataka wali au sembe. Anayezuru Butiama na aagize mapema, akifika tu asubuhi, kabla ya kuingia makumbusho. Aombe ugali wa ulezi, maziwa ya mgando na mboga chungu kama mgagani, akubali kusubiri, na alipe bei ya haki, kwa sababu mkulima ataendelea kuupanda iwapo tu kuna anayeununua.