PSA Ikipanda Kidogo Baada ya Matibabu

Chukua mzee wa Usenge aliyetolewa tezi dume kwa sababu ya saratani. Machi, karatasi ya maabara ilisoma PSA 0.04. Septemba akapima kwingine, Kondele mjini Kisumu, kwa kuwa ilikuwa njiani; ikasoma 0.07. Nyumbani hesabu ikapigwa upesi: imekaribia maradufu, ugonjwa umerudi. Usiku huo hakuna aliyelala.

Hofu hiyo naielewa, lakini karatasi haikusema hivyo. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume. Tezi ikishatolewa yote, hushuka hadi karibu na sifuri ndani ya wiki 6 hadi 8. Chini kabisa huko mashine hazisomi sawasawa. Hata damu ileile, ikipimwa mara mbili, yaweza kutoa tarakimu tofauti, sembuse maabara mbili. Kwa aliyepasuliwa, madaktari wengi husema saratani imerejea PSA inapofika nanogramu 0.2 kwa mililita, na kipimo cha pili kikathibitisha.

Aliyetibiwa kwa mionzi ana hesabu yake. Tezi bado anayo, na PSA yake hushuka polepole, pengine kwa miaka. Kwake kengele hulia PSA ikipanda nanogramu 2 nzima juu ya kiwango cha chini kabisa alichowahi kufikia. Tena katika miaka ya mwanzo huweza kuruka kidogo kisha ikashuka yenyewe, na maambukizi ya njia ya mkojo pia huipandisha. Kwa hiyo 0.5 ya jirani aliyepigwa mionzi yaweza kuwa habari njema, na kwako uliyepasuliwa ikawa ya kukupeleka kwa daktari. Msilinganishe karatasi ndani ya matatu ya Bondo.

Kinachotazamwa ni mwendo. Mzee wetu apime tena baada ya muda atakaopangiwa, katika maabara ileile. Ikisoma 0.07 au 0.06, ataendelea kufuatiliwa. Ikisoma 0.12, kisha zaidi, asikae kimya akingoja maumivu ya mifupa, maana mionzi ya kuokoa, ile inayotolewa saratani ikirejea baada ya upasuaji, hufanya kazi vizuri zaidi PSA ikiwa bado ndogo.

Ndugu msomaji, ukienda kliniki, iwe hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo watu wa Kisumu huiita Russia kwa kuwa Wasovieti ndio walioijenga, au kwingineko, beba karatasi zako zote tangu siku ya matibabu, kila moja na tarehe yake na jina la maabara. Ile ya mwisho pekee haimtoshi daktari.