Ukali na Rangi Havimtambulishi Perege Dume

Mfugaji wa Masuguru, huko Handeni, anapotaka kutenganisha perege wake, kwa kawaida huanza kwa kutazama tabia. Yule anayefukuza wenzake, anayechimba shimo la duara kwenye tope na kulilinda, huhesabiwa dume. Wanaojibanza pembezoni huhesabiwa majike. Kwa yule mbabe mara nyingi anapatia. Kwa hao wa pembezoni ndiko anakokosea, na kosa huonekana miezi kadhaa baadaye, bwawa likishajaa vifaranga ambao hakuwapandikiza.

Perege na sato ni wa ukoo mmoja na wale samaki wa rangi wa Tanganyika na Nyasa wanaofugwa kwenye matangi ya vioo huko Ulaya na Marekani. Ni ukoo wa wagomvi, na dume wake hupanda na kushuka cheo. Russell Fernald wa Chuo Kikuu cha Stanford alitumia miaka mingi kumchunguza mmoja wao, Astatotilapia burtoni, samaki mdogo wa Ziwa Tanganyika. Dume mwenye eneo huwaka rangi, na mstari mweusi humpita jichoni. Asiye na eneo hufifia, akafanana na jike na kuogelea pamoja na majike. Mwondoe mbabe, na ndani ya dakika chache mmoja wa waliofifia anaanza kuwaka. Rangi na ukali, basi, vinakueleza nani anatawala siku hiyo. Jike anayelinda watoto wake naye hufukuza wenzake vilevile.

Jibu la uhakika liko chini ya tumbo. Subiri samaki wafike gramu 30 hadi 50, uwavue asubuhi kabla jua halijakolea. Lowesha mikono, mgeuze samaki tumbo juu, kisha utazame mbele kidogo ya pezi la chini lililo karibu na mkia. Kuna tundu la haja kubwa, na nyuma yake kinundu cha nyama. Cha dume kimechongoka, na nchani kina tundu moja linalopitisha mkojo na mbegu. Cha jike ni butu zaidi na kina matundu mawili: la mkojo, dogo mno kuonekana kwa urahisi, na ufa mwembamba uliokingama, ambamo mayai hutokea. Ufa huo ndio wa kuutafuta. Pakaza tone la wino wa bluu kwa kijiti chenye pamba. Wino unaingia kwenye ufa na mstari unajitokeza. Samaki asiyejulikana mrudishe majini akue kwanza, usimkisie. Hata mzoefu hukosea wachache katika kila mia, ndiyo maana wafugaji wengi huongeza kambale wachache bwawani ili wawale vifaranga watakaopenya.

Kwa nini usumbuke hivyo? Kwa sababu ya maji. Handeni ni nchi kavu, na hata maji yake ya bomba husukumwa kutoka Mto Pangani upande wa Korogwe. Bwawa la huko halina nafasi ya kupoteza. Jike hubeba mayai mdomoni, kisha watoto, kwa wiki moja hadi mbili, na muda wote huo karibu hali kitu. Dume anaendelea kunenepa, ndiyo maana bwawa la kukuzia huachiwa madume peke yao. Vifaranga nao hugombea chakula, wote wakadumaa, na samaki waliodumaa huzaa hata wakiwa na gramu 20. Kwa maoni yangu, asubuhi moja ya kugeuza samaki inalipa kuliko gunia la ziada la chakula.

Kwa wazazi wa kuzalisha vifaranga, hesabu inageuka: dume mmoja kwa majike watatu. Jike mmoja akifungiwa na dume mahali padogo anaweza kung'atwa hadi kufa, maana hana pa kukimbilia wala mwenzake wa kugawana naye kipigo.

Ipo njia nyingine ya kupata madume watupu, na ina asili yake hapa kwetu. Mwaka 1960 C. F. Hickling alieleza kutoka Malacca kwamba dume wa perege waliotoka Zanzibar, akipandishwa kwa jike wa perege waliotoka Java, huzaa watoto madume watupu. Hao wa Zanzibar asili yao ni Mto Wami, kusini mwa Handeni. Lakini wepesi huohuo wa kuchanganyika ndio unaonitia hofu. Mto Pangani una perege wake, akiwemo Oreochromis korogwe, aliyeelezwa na mtafiti Rosemary Lowe mwaka 1955 na kupewa jina la mji wa Korogwe. Sato wa kununuliwa akitorokea mtoni anaweza kuzaa naye, na uzao wa mchanganyiko hauwezi kutenganishwa tena. Mfereji wa kutolea maji bwawani uwekewe wavu wa matundu madogo, na majike waliotengwa waende sokoni au jikoni, wasimwagwe mtoni.