Springi za Nyuma: Kipimo cha Pikapu za Wastani

Pikapu ya wastani ni gari lenye kabini mbele na bodi ya wazi nyuma, lililojengwa juu ya chasisi iliyo kama ngazi, yaani mihimili miwili mirefu ya chuma iliyounganishwa kwa vyuma vinavyokingama, ambalo kwa kawaida huzidi mita 5 kidogo kwa urefu na hubeba mzigo unaokaribia tani moja. Katika kundi hili wamo Toyota Hilux, Ford Ranger, Isuzu D-Max, Nissan Navara na Mitsubishi L200, magari ambayo wanunuzi huyalinganisha kwa ukubwa wa injini, upana wa skrini na wingi wa madoido ya ndani, ilhali jambo linaloyatenganisha kwa hakika limejificha chini ya bodi, mahali ambapo ni nadra muuzaji kumwinamisha mteja akatazame.

Hilux ya kwanza ilitoka mwaka 1968 katika kiwanda cha Hino huko Hamura, Japani, ikiwa na injini ya petroli ya lita 1.5, na jina lake liliundwa kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya hadhi ya juu na anasa, ingawa gari lenyewe lilikuwa la kazi tupu na anasa haikuonekana popote. Mwaka 1979 ndipo Hilux ilipopata mfumo wa kusukuma magurudumu yote manne, na tangu hapo pikapu ikaanza kutumikia mabwana wawili, yaani mkulima au fundi anayetaka kubeba mzigo siku za kazi, na mtu yuleyule, au mwanawe, anayetaka kupita mchangani na kwenye makorongo kwa ajili ya starehe. Mwaka 2004 Toyota ilihamishia Thailand kitovu cha uundaji wa kizazi kipya, ambacho Afrika Mashariki inakifahamu kwa jina la Vigo, na mwaka huohuo ikaacha kuiuza Hilux nchini Japani hadi iliporejeshwa mwaka 2017. Kwa kuwa Thailand na Afrika Kusini, ambako pikapu nyingi za kundi hili huundwa, huendesha upande wa kushoto wa barabara kama ilivyo Kenya, Tanzania na Uganda, usukani wa kulia hupatikana moja kwa moja kiwandani, wakati Rwanda, Burundi na Kongo zinazoendesha upande wa kulia huhitaji matoleo yenye usukani wa kushoto.

Ugumu wa kuunda pikapu unatokana na hesabu ndogo ya uzito. Gari dogo la abiria huweza kubeba watu watano na mizigo yao bila uzito wa upande wa nyuma kubadilika kupita kiasi, lakini pikapu isiyo na kitu huwa na takriban kilo 900 juu ya ekseli ya nyuma, na ikipakiwa magunia tisa ya mahindi ya kilo 100 kila moja, sehemu kubwa ya uzito huo huiangukia ekseli hiyohiyo, hata uzito wake ukakaribia maradufu. Springi iliyo ngumu kiasi cha kuhimili hali hiyo ya pili ni ngumu mno kwa hali ya kwanza, na ndiyo maana pikapu tupu hurukaruka juu ya barabara ya vumbi yenye mikunjo kama bati, mkia ukiyumba kwenye kona huku matairi yakipoteza mguso na ardhi. Kasi ya mtetemo wa springi hufuata kipeuo cha pili cha ugumu wake ukigawanywa kwa uzito unaoikalia, kwa hiyo uzito ukiongezeka mara mbili mtetemo hupungua kwa takriban asilimia 30, na gari lililokuwa likimpiga abiria mgongoni huanza kuelea kwa utulivu. Madereva wanaotupia mifuko michache ya mchanga nyuma kabla ya safari ndefu hawakusoma hesabu hiyo, lakini jawabu lao ni sahihi.

Jibu la kale la tatizo hili ni springi za majani, yaani vyuma bapa vilivyopinda kama upinde na kupangwa tabaka juu ya tabaka, virefu vikiwa juu na vifupi chini, vikafungwa pamoja katikati kwenye ekseli. Uzuri wake ni kwamba springi hizo hufanya kazi mbili kwa pamoja, kwa kuwa hubeba uzito na wakati huohuo huishika ekseli isisogee mbele, nyuma wala pembeni, na mara nyingi jani la chini kabisa huwa limenyooka na nene ili lianze kazi pale tu mzigo unapokuwa mkubwa. Ubaya wake ni msuguano, kwani kila jani husugua jani la jirani, na msuguano huo huzuia springi kujibu mashimo madogo. Waundaji wamekuwa wakiipunguzia dosari hiyo bila kuitupa springi yenyewe: Hilux ya mwaka 2015 ilirefushiwa majani, na D-Max ya mwaka 2019, katika matoleo mengi, ilipunguziwa majani kutoka matano hadi matatu marefu zaidi, hivyo sehemu zinazosuguana zikapungua. Ranger iliyozinduliwa mwaka 2021 ilibaki na majani, lakini shokomzoba zake za nyuma, ambazo mafundi huziita shokapu na ambazo kazi yake ni kuuzima mtetemo wa springi, zilihamishwa kutoka ndani ya mihimili ya chasisi zikawekwa nje, karibu zaidi na magurudumu, ambako kila mwendo wa gurudumu huzisukuma zaidi, nazo zikapata nguvu zaidi ya kuzuia mruko. Mabadiliko hayo hayaonekani katika tangazo lolote la gazeti, lakini abiria wa kiti cha nyuma huyahisi.

Nissan ilichukua njia nyingine. Navara ya kizazi kilichotoka mwaka 2014, hasa ile ya dabokebini, yaani yenye milango minne, iliwekewa katika masoko mengi springi za koili, zile zilizozungushwa kama kamba ya chuma, pamoja na vyuma vitano vya kuishika ekseli, na gari tupu likawa laini kuliko wenzake. Nchini Australia, hata hivyo, ambako wenye pikapu hubeba na kuvuta mizigo mizito, mkia wake ulionekana kulala ulipopakiwa, na kampuni ikazirekebisha springi hizo zaidi ya mara moja, hadi ikafikia koili yenye ugumu wa namna mbili, sehemu laini ya kutumika gari likiwa tupu na sehemu ngumu ya kupokea mzigo, ambayo kwa maana fulani ni kurudi kwenye werevu wa lile jani nene la chini.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Ranger Raptor, toleo lililoundwa kwa ajili ya kukimbia jangwani, lenye injini ya petroli ya lita 3.0 yenye turbo mbili, koili nyuma badala ya majani, shokomzoba za Fox na kimo cha milimita 272 kutoka ardhini. Nchini Australia, uwezo wake wa kubeba ni takriban kilo 700 badala ya tani moja ya ndugu zake wa kazi, na uwezo wa kuvuta tela lenye breki ni kilo 2,500 badala ya 3,500. Raptor ni chombo cha furaha kilichotengenezwa kwa ustadi mkubwa, lakini ni pikapu iliyouza mgongo wake ili kununua miguu, na anayehitaji kupeleka saruji shambani hana sababu ya kulipia biashara hiyo.

Mfumo wa kusukuma magurudumu manne huzungumzwa sana kuliko springi, na mara nyingi hueleweka vibaya. Difu, kifaa kinachoruhusu gurudumu la nje kuzunguka kwa kasi kuliko la ndani gari linapokata kona, huyapa magurudumu yote mawili nguvu sawa ya kuzungusha, na kwa sababu hiyo gurudumu moja likining'inia hewani na kuzunguka bure, lile lililo ardhini halipati zaidi ya kiasi hicho kidogo. Loki ya difu huyafunga magurudumu hayo yazunguke pamoja, na katika udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika kifaa hiki kimoja kina thamani kuliko nyongeza ya farasi 30 kwenye injini. Hilux na D-Max hutumia mfumo unaounganisha ekseli ya mbele na ya nyuma kwa ukakamavu, ambao haupaswi kutumika kwenye lami kavu, kwa kuwa magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kidogo kwenye kona na tofauti hiyo, isipopata mahali pa kutokea, hujikaza ndani ya giaboksi na propela. Baadhi ya matoleo ya L200 yana difu ya tatu katikati, ambayo humwezesha dereva kutumia magurudumu yote manne hata kwenye lami iliyolowa mvua, na ni ajabu kwamba sifa hii ya usalama haitajwi sana katika mabishano ya vijiweni.

Umbo nalo lina neno lake. Umbali kati ya ekseli mbili ni milimita 3,085 kwa Hilux ya mwaka 2015, 3,125 kwa D-Max ya mwaka 2019 na 3,270 kwa Ranger mpya. Umbali mrefu hutuliza gari kwenye barabara kuu na huongeza nafasi ndani, lakini huongeza pia hatari ya tumbo kukaa juu ya kilele cha tuta, na huhitaji uwanja mpana zaidi wa kugeuzia. Kwenye kina cha maji, Ranger na D-Max hutajwa kuwa na uwezo wa milimita 800 na Hilux 700, tofauti ya upana wa kiganja ambayo mtoni si ndogo.

Kuhusu injini, dizeli ya Hilux ya lita 2.8 na ile ya Ranger ya lita 2.0 yenye turbo mbili zote hufikia newton-mita 500 zikiwa na gia za otomatiki, na D-Max ya lita 3.0 hufikia 450, hivyo tofauti hazitoshi kuamua ununuzi. Linaloamua zaidi ni mafuta na spea: mifumo ya leo husukuma dizeli kwa shinikizo linalozidi mara 2,000 ya lile la hewa, na huvumilia kidogo sana uchafu na salfa, ndiyo sababu hatua ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kushusha salfa ya dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia mwaka 2015 ilikuwa na maana kubwa kwa wenye pikapu. D-Max ina faida nyingine nchini Kenya, kwa kuwa huunganishwa Nairobi na Isuzu East Africa, kampuni iliyokuwa General Motors East Africa hadi Isuzu iliponunua hisa za General Motors mwaka 2017.

Pikapu hizi zikifika mikononi mwa wenyewe, jambo la kwanza linalofanywa kwa nyingi ni kuongezewa majani ya springi gereji ili zibebe zaidi. Mkia huacha kulala, na mwenye gari huamini kwamba uwezo umeongezeka, lakini chasisi, ekseli na breki hubaki zilezile. Katika dabokebini bodi ni fupi na sehemu yake kubwa iko nyuma ya ekseli, kwa hiyo kilo 100 zilizowekwa mita moja nyuma ya ekseli huikandamiza kwa takriban kilo 132 na kuyapunguzia magurudumu ya mbele kilo 32, usukani ukawa mwepesi na breki za mbele zikakosa uzito wa kuzishikisha barabarani. Nguvu ambayo springi laini ingeimeza kwenye shimo hupanda moja kwa moja hadi kwenye mihimili, na mahali inapokusanyika ni nyuma kidogo ya kabini, ambako mwanya kati ya kabini na bodi huanza kupanuka juu na kubana chini, milimita chache kwa kila safari, kabla ya ufa wa kwanza kuonekana kwenye chuma.