Nilivyoujaribu ubao wa kitani baharini

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaanzia mahali pasipo pa kawaida yake: ufukweni, saa moja asubuhi, maji yamejaa, na mwandishi wenu, muuguzi wa miaka 56 mwenye wajukuu wawili, amepiga magoti juu ya ubao unaoelea, anaogopa kusimama.

Hebu niwaeleze nilifikaje pale. Katika wodi yetu ya wanawake alilazwa bibi mmoja aliyevunjika nyonga. Hakuanguka kutoka mtini wala hakugongwa na gari. Alijikwaa kizingiti cha mlango wake usiku, akienda msalani. Tulimgeuza kitandani kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia, na kila nilipomgeuza alirudia neno lile lile: "Mwanangu, niliona kabisa kwamba naanguka, lakini mguu haukunitii."

Neno hilo halikuniacha. Jioni moja nikajifungia chumbani, nikasimama kwa mguu mmoja na kuhesabu. Mguu wa kulia nilifika tisa. Wa kushoto, wenye goti bovu, nilishika ukuta kwenye nne. Nikaketi kitandani nikijiuliza: je, na mimi miguu yangu imeanza kuacha kutii?

Swali hilo si la mchezo. Utafiti wa huko Brazil uliochapishwa mwaka 2022 uliwapima watu 1,702 wa umri wa miaka 51 hadi 75. Mmoja katika kila watano hakuweza kusimama kwa mguu mmoja kwa sekunde 10, na katika miaka iliyofuata vifo vilikuwa vingi zaidi miongoni mwa hao walioshindwa. Kushindwa si hukumu ya kifo, la hasha. Ni taa nyekundu inayotuambia mwili umepungukiwa.

UBAO WENYEWE

Wakati huo alikuwapo hospitalini kwetu kijana Mfaransa, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliyekuja kujitolea. Ndani ya kontena lililoleta vitanda vya wagonjwa alikuwa ameweka ubao wa kusimamia majini. Mtu husimama juu yake, akapiga kafi refu kulia na kushoto. Mchezo huu katika sura yake ya sasa ulianzia visiwa vya Hawaii, na tangu mwanzo wa miaka ya 2000 umeenea duniani. Nilipomweleza kijana yule habari ya mguu wangu, alicheka, akasema, "Mama, njoo tuupime juu ya maji."

Mimi nikasema, kwanza tuupime ubao. Kliniki, mtoto anapolia na kukataa mizani, tunampima mama peke yake, kisha mama akiwa amempakata mtoto, tunatoa. Nikafanya vivyo hivyo. Peke yangu kilo 78. Nikiwa nimeukumbatia ubao, kilo 87. Basi ubao una kilo 9, sawa na mtoto wa mwaka mmoja. Urefu wake ni meta 3.2, upana sentimeta 80, na ujazo wake lita 185. Kila lita moja ya maji inayosukumwa pembeni hubeba kama kilo moja. Kwa hiyo mimi pamoja na ubao tulihitaji kuzamisha lita 87 tu, chini ya nusu yake. Hesabu hiyo ilinituliza kuliko maneno yote ya kijana.

KITANI NA KATANI

Ndani, ubao huo ni povu gumu jeupe, kama lile la makasha ya kuhifadhia samaki na barafu. Povu ndilo hasa linaloupa wepesi. Lakini povu peke yake hubonyea na kukatika, kwa hiyo huvikwa ngozi ya kitambaa kilicholoweshwa gundi ya epoksi hadi kikakauka na kuwa kigumu. Mbao nyingi huvikwa nyuzi za kioo, ambazo mafundi wetu wa boti huziita faiba. Huu wa kwetu ulivikwa kitani.

Msichanganye kitani na katani, ingawa majina yanafanana kama ndugu. Kitani hutoka katika shina la mmea mwembamba unaolimwa sana kaskazini mwa Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi. Mashina hung'olewa na kutandazwa shambani kwa majuma kadhaa, umande na jua vikalegeza utomvu unaoshikilia nyuzi. Katani yetu hutoka katika jani la mkonge. Sisi watu wa Tanga twaijua historia yake: mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo yakaja mashamba yote tuliyokulia.

Nyuzi za mimea kukutana na bahari si jambo geni kwetu. Mitepe ya Lamu ilishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, na jahazi hadi leo hutiwa kalafati ya pamba. Uzuri wa kitani ni kwamba ni nyepesi: sentimeta moja ya ujazo ina gramu 1.5 hivi, nyuzi za kioo gramu 2.5. Tena hupunguza mtetemo, na goti bovu hilijua jambo hilo. Nayo haitoi lile vumbi la kioo ambalo humwasha fundi mwili mzima anapopiga msasa.

Lakini tusidanganyane kwamba ni ubao wa asili mtupu. Povu na sehemu kubwa ya gundi hutokana na mafuta ya petroli. Epoksi mbichi huleta ukurutu kwa mafundi wengi, kwa hiyo fundi avae glavu na afanyie kazi penye hewa. Na kitani hunywa maji. Ubao ukipata ufa hata mdogo, lazima utolewe majini, ukaushwe na uzibwe, la sivyo huoza kwa ndani.

MAJI UKIYAVULIA NGUO

Ilikuwa mwezi wa Novemba, wakati wa maleleji, kusi imekwisha na kaskazi haijashika nguvu. Niliubeba ubao mwenyewe kwapani hadi majini, na goti halikulalamika. Nilivaa jaketi la kuokoa maisha, na kamba ya ubao ikafungwa mguuni. Mvuvi mmoja, mzee wa miaka sabini na kitu, alikubali kukaa karibu nasi na ngalawa yake.

Nilianza kwa magoti, maji yakifika kiunoni mwa kijana. Dakika kumi nzima sikusimama. Mwishowe nikajiambia, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikaweka mguu mmoja, kisha wa pili, miguu ikiwa mbali kama upana wa mabega, magoti yamelegea kidogo. Miguu ikatetemeka kama ya mgonjwa wa homa. Nikaitazama ione haya. Nikaanguka.

"Mama, usitazame miguu," akasema kijana. "Tazama mwisho wa bahari."

Mara ya tatu nilifanya hivyo, na nikasimama. Nilipiga kafi mara nne, tano, kumi. Ndugu zangu, kwa miaka mingi sikuwa nimecheka peke yangu namna ile.

Furaha hiyo ndiyo iliyoniponza. Nilipogeuka nyuma, ufuko ulikuwa mbali, na kijana alikuwa amebaki mdogo kama kidole. Sikuwa nimepiga kafi kiasi hicho. Ulikuwa upepo wa umande, unaotoka bara asubuhi kwenda baharini. Ufukweni hausikiki kwa sababu ya minazi, lakini nje una nguvu. Nikageuza ubao na kupiga kafi kwa bidii, nimesimama, na bado nilirudi nyuma. Moyo ukaanza kwenda mbio. Nimewahi kuwapokea hospitalini watoto waliokufa maji, na nyuso zao zote zilinijia.

Yule mzee akapiga kelele kutoka ngalawani: "Nesi, lala! Mwili wako ndio tanga!"

Nikalala kifudifudi, kafi nikalilalia, nikapiga maji kwa mikono miwili. Ubao ukatii mara moja, kwa kuwa upepo haukuwa na cha kushika. Mzee alinifuata pole pole hadi nikagusa mchanga, bila neno la kunisuta.

Nilipopata pumzi nilimwambia, "Shikamoo baba, na asante." Kisha nikamwomba asimame mchangani kwa mguu mmoja. Nilihesabu hadi thelathini. Akaniuliza kama nataka aendelee mpaka adhuhuri. Mzee huyo amesimama ndani ya mtumbwi na pondo mkononi tangu utotoni, wala hajaacha. Hapo ndipo nilipopata jibu la swali langu: miguu haiachi kutii kwa sababu ya miaka peke yake. Huacha pia kwa kutoagizwa kazi.

KWA NINI TUNAYUMBA

Mwili husimama wima kwa msaada wa vitu vitatu: macho, kiungo kidogo kilichomo ndani ya sikio, na hisia za nyayo na viungo. Ubongo hukusanya habari zao na kuamuru misuli. Kadiri tunavyozeeka hisia hupungua na misuli hulegea. Kisukari hufisha nyayo ganzi, mtoto wa jicho hufunga macho, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za usingizi huleta kizunguzungu. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na waliopita miaka 60 ndio wengi zaidi.

Ubao unaoelea huyumba daima, hivyo hulazimisha misuli midogo ya vifundo, mapaja na kiuno kufanya kazi bila kupumzika. Hiyo ndiyo faida yake. Lakini sikuandika makala hii ili mkanunue ubao. Bei yake haiendani na mifuko yetu. Shirika hilo linashauri wazee wafanye mazoezi ya kujisawazisha angalau siku tatu kwa juma, na hayo hayahitaji bahari:

1. Simama nyuma ya kiti kizito, ushike mgongo wake, inua mguu mmoja, hesabu hadi kumi. Badilisha. Ukizoea, shika kwa kidole kimoja.
2. Tembea kando ya ukuta ukiweka kisigino mbele ya vidole, kama apimaye uwanja.
3. Kaa kitini na usimame mara kumi bila kutumia mikono.

Mwenye kizunguzungu, kifafa, au aliyekwisha kuanguka mara mbili katika mwaka, aonane kwanza na mganga. Wenye kifafa wasiende majini bila mwangalizi. Nanyi wenye wazazi wazee, ondoeni mikeka inayoteleza, wekeni taa karibu na kitanda, sawazisheni vizingiti.

KWA WAENDAO MAJINI

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Iwe ni ubao, mtumbwi au gogo la mgomba ambalo vijana wetu huchezea, haya yashikwe:

Vaa jaketi la kuokoa maisha, usilikalie. Usiende peke yako. Uliza wenyeji habari za upepo na maji kabla ya kuingia. Chombo kikikushinda, usikiache ukaogelee. Kishikilie, kwani ndicho boya lako. Upepo ukikupeleka nje, piga magoti au lala.

Ukimwona mtu anazama, usimrukie kama hukufundishwa. Mtupie kamba, dumu tupu lililofungwa kifuniko, au mti mrefu. Akitolewa na hapumui, usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Mlaze chali, inua kidevu, mbane pua, puliza pumzi mdomoni hadi kifua kiinuke. Kisha bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka mara 30, pumzi mbili, na uendelee hivyo wakati mwenzako anatafuta gari. Hata akizinduka, afikishwe hospitali.

Bibi yetu alirudi nyumbani akitembelea fremu, na wanawe wamekwisha kukiondoa kile kizingiti. Kijana naye alikwisha kurudi kwao. Ubao ametuachia, umelala kivulini nyuma ya jengo la mazoezi. Nautoa Jumamosi moja moja, mzee akiwapo. Siku nyingine zote nashika mgongo wa kiti, nikisubiri maji ya chai yachemke. Mguu wa kulia umepita ishirini. Wa kushoto, jana jioni, ulifika kumi na moja.

Je, wewe msomaji, wako unafika ngapi? Weka gazeti chini, shika kiti, ujipime.