Kwa nini arafa hupenya wakati simu zimegoma

UNAPOJARIBU kumpigia ndugu yako simu dakika chache baada ya saa sita usiku wa kuamkia Mwaka Mpya, huenda ukaambiwa kwamba mtandao una shughuli nyingi na ujaribu tena baadaye. Ukikata tamaa na kumwandikia arafa, mara nyingi ujumbe huo humfikia, hata kama utachelewa kidogo. Simu ni ile ile, mnara ni ule ule. Ni kwa nini basi maandishi yapite ilhali sauti imezuiwa?

Jibu limo katika utaratibu ambao mwenye simu hauoni. Kila mnara husafirisha mizigo ya aina mbili. Wa kwanza ni data, yaani kile ambacho mteja amelipia: sauti, picha, video au kurasa za intaneti. Wa pili ni ishara za udhibiti. Haya ni maagizo mafupi yanayopitishwa baina ya simu na mnara: punguza nguvu, hamia mnara wa pili, kuna mtu anakupigia, zamu yako ya kutuma imefika. Hata simu iliyonyamaza mfukoni huendelea kuyasikiliza maagizo hayo, na mara kwa mara huujulisha mtandao mahali ilipo.

Maagizo kwanza

Mizigo hii miwili hugawana masafa yale yale, na masafa ni haba. Waswahili husema mafahali wawili hawakai zizi moja; ndiposa wahandisi wakaamua tangu mwanzo kwamba ishara za udhibiti zitangulie.

Sababu yake ni rahisi kuielewa. Magari yakisongamana katika makutano ya barabara, mtu wa kwanza anayepaswa kupewa nafasi ni askari wa trafiki. Yeye habebi abiria wala mizigo, lakini akikosa mahali pa kusimama hakuna gari litakalosonga. Vivyo hivyo, neno moja la sauti likipotea hewani msikilizaji ataweza kulikisia, lakini agizo la kuhamia mnara mwingine likipotea, mazungumzo yote hukatika.

Katika mitambo ya GSM, ambayo ndiyo iliyotawala simu za mkono duniani katika miaka ya 1990 na 2000, kila masafa hugawanywa katika vipande vinane vya muda. Kwa kawaida kipande kimoja cha mnara huachiwa ishara za udhibiti, na kila kimoja cha vile vingine hubeba mazungumzo ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Vikijaa, anayefuata hana budi kungoja.

Arafa haihitaji kipande cha mazungumzo. Wataalamu wa Ulaya, akiwemo Mjerumani Friedhelm Hillebrand, waligundua katika miaka ya 1980 kwamba njia ya ishara za udhibiti huwa na nafasi inayobaki wazi, wakaamua kuipitisha humo barua fupi. Udogo wa njia hiyo ndio uliofanya arafa iwe na kikomo cha herufi 160. Arafa ya kwanza ilitumwa nchini Uingereza tarehe 3 Desemba, 1992, na mhandisi Neil Papworth, nayo ilikuwa ya salamu za Krismasi.

Zaidi ya hayo, arafa ikikosa njia haitupwi. Huhifadhiwa katika kituo maalum na kujaribiwa tena hadi ifike. Hapa Kenya, huduma ya M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007 iliitegemea njia hii, na hivyo ikaweza kutumika hata kwa simu za bei ya chini kabisa zisizokuwa na intaneti.

Nani apishwe?

Katika mitandao ya 4G, utaratibu huu umepanuliwa ukawa ngazi. Ishara za kuanzisha na kukata simu huwekwa daraja la kwanza, mazungumzo ya sauti la pili, na intaneti ya kawaida hukaa karibu na mkia. Hata hivyo, wahandisi huweka kiwango cha chini ambacho kila daraja lazima lipate, ili wanyonge wasije wakanyimwa kabisa.

Binadamu nao wamepangwa kwa madaraja. Kila kadi ya sim hubeba nambari ya daraja. Wateja wa kawaida wamo kati ya 0 na 9, ilhali 12 ni ya vyombo vya usalama na 14 ni ya huduma za dharura. Mtandao ukielemewa, mnara unaweza kutangaza kwamba madaraja ya raia yasiombe nafasi kwa muda.

Hilo lilitokea jijini London tarehe 7 Julai, 2005, mabomu yalipoua watu 52 katika treni tatu na basi moja. Polisi wa eneo la City waliiomba kampuni ya O2 iwafungie raia mtandao wake katika umbali wa takriban kilomita moja kutoka kituo cha Aldgate, na hali ikawa hivyo kwa saa kadhaa. Ripoti ya Baraza la London ya mwaka 2006 ilifichua kwamba kamati kuu iliyoratibu uokoaji ilikuwa imeamua hatua hiyo isichukuliwe. Ilihofia kuwatia wananchi kiwewe, tena haikuwa na hakika kwamba wahudumu waliohitajika walikuwa na kadi za daraja maalum.

Funzo ni kwamba mtambo hutii tu orodha uliyopewa. Anayeamua nani apite na nani angoje ni binadamu, na orodha ikikosewa, anayeumia ni yule aliyenaswa mahali pa mkasa akiwatafuta jamaa zake.

Kwa mwananchi wa kawaida, ushauri ni mwepesi. Panapotokea mkasa, waachie laini wenye dharura ya kupiga 999 au 112. Ikiwa unachotaka ni kuwaarifu wa nyumbani kwamba u salama, andika arafa, na ukishaituma usirudie kupiga simu kila dakika. Kila jaribio, hata lisilofaulu, huilemea njia ile ile ya udhibiti ambayo arafa yako inaitegemea.