Saratani na Tiba ya Kinga ya Mwili (2): Daktari Apigiwe Kabla Mgonjwa Hajazidiwa

Katika sehemu ya kwanza tuliona kwamba kinga ya mwili ina breki zake za asili, na kwamba saratani huzitumia breki hizo kujinusuru. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2018 kwa kuonyesha jinsi ya kuzilegeza. Dawa ya kwanza ya aina hiyo, ipilimumab, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa melanoma, saratani ya ngozi. Pembrolizumab na nivolumab zikafuata mwaka 2014. Leo tutazame swali ambalo familia nyingi huliuliza muda ukiwa umekwisha kwenda: daktari apigiwe lini? Nashikilia kwamba apigiwe mara tu mwili unapoacha kawaida yake, hata kama mgonjwa bado anatembea na kula.

Sababu imo katika utendaji wa dawa zenyewe. Kinga iliyolegezewa breki yaweza kuvamia hata viungo vizima: utumbo, mapafu, ini, ngozi, tezi za homoni, na mara chache moyo. Madhara mengi hujitokeza katika miezi ya mwanzo, lakini mengine huibuka miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho, wakati mgonjwa keshaamini kuwa amemaliza. Isitoshe, huja na sura ya maradhi tuliyoyazoea. Tumbo la kuendesha hudhaniwa amiba, kikohozi hudhaniwa mafua au kifua kikuu, uchovu hudhaniwa malaria.

Chukua mfano wa choo. Madaktari hawaangalii idadi peke yake, bali ongezeko juu ya kawaida ya mtu. Aliyezoea kwenda mara moja kwa siku, akienda mara tano, ameongeza mara nne; huyo apige simu siku hiyohiyo, wala asinunue dawa ya kufunga tumbo dukani, kwa maana itaficha dalili huku utumbo ukiendelea kuumia. Ongezeko la mara saba, damu kwenye choo au maumivu makali ya tumbo ni safari ya hospitali, usiku au mchana. Vivyo hivyo kwa pumzi kukatika, maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio, kuzimia, kuchanganyikiwa, au kiu kali na kukojoa mno, dalili ya kisukari cha ghafla. Macho ya njano, mkojo mweusi, kichwa kisichoacha kuuma na upele unaosambaa navyo visilale bila daktari kuarifiwa.

Wapo wanaonyamaza wakihofia kwamba wakisema watasimamishiwa dawa. Hofu hiyo inaeleweka, lakini ushahidi hauiungi mkono. Dhara dogo likigunduliwa mapema, mara nyingi tiba huendelea au husimama kwa muda tu. Tezi ya thairoidi iliyodhoofika hufidiwa kwa kidonge cha kila siku. Madhara makubwa hutulizwa kwa steroidi, na wagonjwa wa melanoma waliopewa steroidi kwa sababu hiyo wakiwa kwenye ipilimumab hawakuonekana kufa mapema kuliko wenzao. Kinachohatarisha tiba ni dhara lililoachwa likakomaa.

Wengine watasema, na kwa haki, kwamba katika nchi zetu homa mara nyingi ni malaria kweli. Basi malaria ipimwe, lakini daktari wa saratani aarifiwe wakati huohuo. Kipimo kimoja hakizuii kingine. Ndugu zetu wanaotibiwa India na kurudi nyumbani wanalihitaji hili zaidi, kwa kuwa mganga wa zamu hatajua wamepewa nini. Wabebe kadi yenye jina la dawa, tarehe ya dripu ya mwisho na namba ya daktari, na neno lao la kwanza mapokezi liwe hilo. Simu iliyopigwa bure humgharimu daktari dakika chache. Ile isiyopigwa yaweza kumgharimu mgonjwa utumbo, mapafu au uhai wenyewe. Sehemu ijayo itaeleza matumizi ya steroidi na kwa nini hazikatishwi ghafla.